Simba Katika Ukungu: Kijana Shasta na Swali la Mpango wa Mungu

Katika misiba yetu kuna maneno ambayo hayakosekani. Mtu akifika penye turubai, kabla hata hajapata kiti, utamsikia akisema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mwingine ataongeza kwamba ulikuwa mpango wa Mungu, na wa tatu atasema Mungu alimpenda marehemu kuliko sisi tulivyompenda. Wasemao hivyo si watu wabaya. Wanatafuta neno la kumfunika mfiwa, kama mtu anavyomvisha mwenzake kanga mabegani. Lakini mchungaji anayerudi kwenye nyumba hiyo baada ya turubai kushushwa anajua kwamba mara nyingi maneno hayo ndiyo yanayobaki kooni kama mwiba wa samaki. Mama aliyezika mtoto anauliza: kama huu ulikuwa mpango, ninyi mliujuaje? Je, mlikuwapo ulipopangwa?

Swali la mama huyo ni zito, na si nia yangu kulimaliza katika kurasa chache. Ninachotaka ni kulipeleka mahali ambapo wengi wetu tusingetarajia kulikuta, yaani katika kitabu cha watoto chenye farasi wanaosema na simba anayetembea usiku. Kitabu hicho ni The Horse and His Boy cha C. S. Lewis, kilichochapishwa London mwaka 1954. Lewis alizaliwa Belfast mwaka 1898, akafundisha fasihi Oxford na baadaye Cambridge, na alikuwa mlei wa Kanisa la Anglikana. Kitabu hiki ni cha tano kuchapishwa kati ya vitabu vyake saba kuhusu nchi ya kubuni iitwayo Narnia. Filamu tatu za Narnia zilizotolewa kati ya 2005 na 2010, ambazo baadhi ya vijana wetu wameziona, hazikukigusa. Ni hasara, kwa sababu kwa maoni yangu hiki ndicho kitabu chake cha watoto kinachomsaidia zaidi Mkristo anayeuliza Mungu alikuwa wapi. Kina kasoro pia, na kasoro moja inatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Nitazisema zote mbili, faida na kasoro.

Hadithi yenyewe

Shasta ni kijana anayelelewa na mvuvi maskini katika pwani ya nchi ya Calormen. Anamwita mvuvi huyo baba, ingawa anachopata kwake ni kazi nyingi na kipigo. Siku moja bwana mkubwa anaomba malazi nyumbani hapo, na usiku Shasta anamsikia akipatana bei na mvuvi. Anauzwa kama mbuzi. Katika mazungumzo hayo hayo anasikia kwamba mvuvi si baba yake: aliokotwa akiwa mtoto mchanga ndani ya mashua iliyofika ufukoni. Akiwa nje, anamwambia farasi wa yule bwana laiti angeweza kusema, na farasi anamjibu. Jina lake Bree. Ni farasi wa Narnia, nchi ya kaskazini, aliyeibwa alipokuwa mdogo, na miaka yote hiyo amejifanya bubu huku akipandwa vitani. Wanakubaliana kutoroka pamoja, maana farasi asiye na mpandaji atakamatwa, na kijana asiye na farasi hatafika mbali. Ndiyo maana kitabu hakiitwi kijana na farasi wake. Kinaitwa farasi na kijana wake, kwa kuwa kati ya hao wawili farasi ndiye anayejua njia na ndiye anayemfundisha mwenzake kupanda.

Usiku mmoja ngurumo za simba zinawasukuma ubavuni mwa wakimbizi wengine wawili: Aravis, binti wa ukoo mkubwa anayekimbia kuozwa kwa mzee wa miaka sitini, na Hwin, farasi jike mpole ambaye pia anasema. Hao wanne wanapita katika mji mkuu wa Tashbaan, na huko Aravis, akiwa mafichoni, anasikia siri. Mwana wa mtawala, Rabadash, anaondoka na wapanda farasi 200 kwenda kuiteka kwa ghafla ngome ya nchi ndogo ya Archenland, kisha aingie Narnia. Tangu hapo safari ya kujiokoa inageuka kuwa mbio za kuwaokoa wengine. Wanavuka jangwa. Wakiwa wamekwisha nguvu, simba anatokea tena, anawafukuza, na kumrarua Aravis mgongoni kwa makucha. Shasta anaruka kutoka juu ya farasi anayekimbia na kurudi kumkabili simba akiwa mikono mitupu. Bree, farasi wa vita, harudi.

Mzee mmoja mtawa anawapokea Aravis na farasi. Shasta yeye hapewi hata nafasi ya kukaa. Anaambiwa akimbie wakati huo huo kumwonya mfalme Lune. Anafika, anamwonya, anapewa farasi, lakini hajui kumwongoza, anaachwa nyuma, na anapotea katika ukungu mlimani usiku. Hapo, akiwa na njaa na peke yake, analia. Kisha anatambua kwamba kuna kitu kikubwa kinatembea kando yake gizani. Anakisikia kikipumua.

Simba yupi?

Katika hadithi za bibi zetu, Simba ni mwenye nguvu ambaye Sungura humchezea shere. Katika Biblia kuna simba wa namna mbili. Petro anamfananisha Ibilisi na simba anayezunguka akitafuta wa kumla (1 Pet. 5:8). Yohana anasikia habari za Simba wa kabila la Yuda aliyeshinda (Ufu. 5:5). Mtu aliye njiani usiku, akisikia ngurumo, hawezi kuwatofautisha kwa sauti. Hilo ndilo jaribu la Shasta, na ndilo letu.

Kile kilichomo katika ukungu kinamwomba asimulie huzuni zake. Shasta anazimwaga zote: hakuwajua wazazi wake, alilelewa kwa ukali, simba walimfukuza, alilala peke yake kwenye makaburi ya kale nje ya Tashbaan huku wanyama wakilia, akateseka na kiu jangwani, kisha simba mwingine akamjeruhi rafiki yake. Anajiona mtu wa mikosi. Ndipo sauti inapomwambia kwamba simba alikuwa mmoja tu, na kwamba simba huyo ndiye anayesema naye. Yeye ndiye aliyewakutanisha na Aravis. Yeye ndiye aliyekuwa yule paka aliyelala naye makaburini, naye ndiye aliyewafukuza mbweha. Yeye ndiye aliyewatia farasi hofu ili wapate nguvu za maili ya mwisho na mfalme aonywe kwa wakati. Na yeye ndiye aliyeisukuma ile mashua yenye mtoto mchanga hadi pale ambapo mtu alikuwa macho. Huyu ni Aslan, ambaye wasomaji wa vitabu vingine vya Narnia wanamjua kuwa mfano wa Kristo.

Naomba tuangalie jinsi mazungumzo hayo yanavyokwenda. Aslan anaanza kwa kusikiliza. Anafanya kama Bwana wetu kwenye njia ya Emau, ambaye aliwauliza wale wanafunzi wawili wanazungumza nini, akawaacha waseme yote kuhusu kifo chake mwenyewe kana kwamba halijui jambo hilo (Lk. 24:17-24). Hamkemei Shasta kwa kulia. Hamwambii kwamba makucha hayakuwa makucha au kwamba hofu yake ilikuwa ya kipuuzi. Martin Luther, katika hoja alizotetea Heidelberg mwaka 1518, alisema kwamba mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake halisi, wakati mwanatheolojia wa utukufu hugeuza majina na kuliita baya jema. Aslan ni mwaminifu kwa maana hiyo. Jeraha analiita jeraha, na anakiri kwamba mkono uliolifanya ni wake.

Kuna jambo lingine ambalo msomaji wa haraka hulipita. Siku inayofuata Shasta anapita njia ile ile mchana pamoja na jeshi la Narnia, na anaona kwamba upande mmoja wa njia palikuwa na korongo refu sana. Usiku ule alitembea ukingoni mwake bila kujua. Anapofikiri anakumbuka kwamba simba alikuwa upande huo huo, kati yake na korongo. Katika orodha yote ya mambo aliyomtendea, hili Aslan hakulitaja. Alimweleza ya mashua, ya paka na ya mbweha, yaliyokwisha kupita. Lile alilokuwa akimtendea katika saa ile ile alilinyamazia. Nadhani Lewis amegusa hapa jambo ambalo waumini wa zamani walilijua vizuri: uangalizi wa Mungu huonekana zaidi tunapogeuka kutazama tulikotoka, na mara chache sana tukiwa bado ukunguni.

Nani ana ruhusa ya kusema?

Sasa turudi kwa yule mama aliyefiwa. Katika kitabu chote, ni nani anayemwambia Shasta kwamba mambo yake yaliongozwa? Si Bree. Bree anapenda sana kueleza mambo, na mojawapo ya maelezo yake ni kwamba Aslan si simba kweli, bali watu husema hivyo kwa heshima tu. Akiwa katikati ya hotuba hiyo, Aslan anaruka ukuta na kusimama nyuma yake, kisha anamwambia amguse, apate kujua ana makucha na manyoya. Tomaso anatukumbukia hapo (Yn. 20:27).

Wala si yule mtawa. Yeye ana haki zaidi ya kusema kuliko wote, maana ana umri wa miaka 109 na katika dimbwi lake la maji huona mambo yanayotokea mbali. Aravis anaposema kwamba amekuwa na bahati, kwa vile majeraha yake si makubwa, mzee anajibu kwamba katika miaka yake yote hajakutana na kitu kinachoitwa bahati. Kisha anakiri kwamba katika habari hiyo kuna jambo asilolielewa, na anaishia hapo. Anaosha vidonda, anapaka dawa, anawapa wageni chakula na mahali pa kulala. Maelezo anayaacha kwa mwenye hadithi.

Biblia nayo ina utaratibu huo huo, ingawa tunausahau. Mfano tunaoutumia mara nyingi ni Yusufu, aliyewaambia ndugu zake kwamba walikusudia mabaya, na Mungu alikusudia mema (Mwa. 50:20). Lakini aliyesema ni Yusufu mwenyewe. Aliuzwa akiwa na umri wa miaka 17 (Mwa. 37:2), akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30 (Mwa. 41:46), na maneno yale aliyasema miaka mingi baada ya hapo, huku akilia. Sasa tumfikirie Yuda, ndugu yake, akiwa amesimama kwenye ukingo wa kisima siku ile, fedha mkononi, akimwambia kijana aliyefungwa kamba, "Usilie, ni mpango wa Mungu." Maneno yangekuwa karibu yale yale, lakini katika kinywa hicho na saa hiyo yangekuwa kufuru. Vivyo hivyo Ayubu. Yeye ndiye aliyesema kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa (Ayu. 1:21). Rafiki zake walifanya vyema siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno (Ayu. 2:13). Walipofungua vinywa kumweleza sababu, Mungu aliwakasirikia.

Kwa hiyo ninaamini kwamba ushuhuda wa mkono wa Mungu ndani ya tukio fulani la maumivu ni ushuhuda wa nafsi ya kwanza. Mimi naweza kusema, "Mungu alinipitisha." Siwezi kukuambia wewe, ukiwa bado ndani ya tukio, "Mungu anakupitisha kwa sababu hii." Kwa yaliyo ya wote tunayo ahadi, nazo tunapaswa kuzisema kwa sauti: kwamba tumebatizwa katika mauti ya Kristo na kufufuka kwake, kwamba hakuna kitu kiwezacho kututenga na upendo wa Mungu, hata mauti (Rum. 8:38-39). Ahadi inamwambia mfiwa ni nani yuko pamoja naye. Haimwambii kwa nini mtoto wake, na si mwingine. Tunapoibadili ahadi ikawa maelezo, tunasema zaidi ya tulivyofunuliwa.

Maisha ya Lewis mwenyewe yanathibitisha kwamba Shasta si dawa ya haraka. Mama yake alifariki kwa saratani mwaka 1908, yeye akiwa na miaka tisa. Kitabu hiki alikitoa kwa heshima ya watoto wawili, David na Douglas Gresham. Miaka miwili baadaye alifunga ndoa na mama yao, Joy Davidman, na mwaka 1960 mama huyo akafariki, naye kwa saratani. Wavulana waliokabidhiwa hadithi ya simba anayetembea kando ya mtoto yatima wakabaki bila mama. Mwaka 1961 Lewis alichapisha, kwa jina la kubuni, kijitabu kiitwacho A Grief Observed, na humo analalamika kwamba alipomwendea Mungu katika dhiki alijikuta kama mtu mbele ya mlango uliofungwa. Aliyeandika ukurasa wa ukungu naye aliingia ukunguni, na hakujiponya kwa kunukuu hadithi yake. Luther naye, mwaka 1542, binti yake Magdalena alipofariki akiwa na miaka 13, alilia waziwazi huku akiungama ufufuo. Imani haikumkausha machozi.

Aravis na mtumwa asiye na jina

Nimesema kitabu kina kasoro. Ya kwanza inahusu makucha yale. Aravis alipotoroka nyumbani alimlevya mjakazi wa mama yake wa kambo kwa dawa ya usingizi, na mjakazi yule alichapwa viboko kwa sababu hiyo. Aravis hakujali. Baadaye Aslan anamwambia kwamba michubuko mgongoni mwake ililingana na viboko vya yule mtumwa, damu kwa damu, kwa sababu alihitaji kujua maumivu yale yakoje.

Kwa Mlutheri hili linaleta ukakasi. Tunafundisha vijana wa kipaimara kwamba Kristo alizichukua adhabu zetu; hapa mfano wa Kristo anaonekana kama anarudisha jicho kwa jicho. Mtu anaweza kujibu kwamba hii ni kazi ya sheria, kumwonyesha mwenye dhambi sura yake kama katika kioo, na kwamba Aravis anaponywa na kupokelewa. Nakubali kwa sehemu. Hata hivyo, injili ya kweli ingemfikisha mbali zaidi ya kuhisi maumivu. Zakayo hakuishia kutubu moyoni, alirudisha mara nne (Lk. 19:8). Aravis hapewi nafasi ya kumrudishia kitu yule mjakazi, na mjakazi hapewi hata jina.

Lakini ndani ya kasoro hiyo hiyo kuna lulu. Aravis anauliza kama yule mjakazi atapatwa na madhara mengine. Aslan anakataa kumjibu: kila mtu husimuliwa hadithi yake tu. Shasta alipouliza ukunguni kwa nini Aravis alijeruhiwa, alipata jibu la namna hiyo hiyo. Petro aliwahi kulipata pia, alipomtazama Yohana na kumuuliza Yesu habari zake (Yn. 21:20-22). Kwa sharika zetu, ambako habari za ndoa ya mtu, ugonjwa wa mtu na tasa ya mtu huzungukwa kwa jina la kuombeana, neno hili ni dawa chungu. Tahadhari moja tu: kutosimuliwa hadithi ya jirani hakutuondolei wajibu kwake. Kaini naye alijitenga na habari za ndugu yake, na Mungu hakuukubali udhuru wake. Binti anayefanya kazi za ndani katika nyumba zetu ana hadithi ambayo si yetu kuitangaza, lakini mshahara wake na mgongo wake vinatuhusu.

Ngozi na kilemba

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi kwa msomaji wa Kiafrika, na mzazi asiifumbie macho. Watu wa Calormen wana ngozi nyeusi, wanavaa vilemba na kubeba panga zilizopinda, na karibu wote ni wakatili, wapenda fedha au wajinga. Watu wa kaskazini ni weupe, na weupe wao unasemwa kwa pumzi moja na uzuri wao. Shasta mwenyewe anatambulika kwamba si mtoto wa mvuvi kwa sababu mvuvi ana shavu jeusi naye ni mweupe mzuri. Mtoto wetu anayesoma hayo atajiuliza yeye yuko upande gani wa jangwa.

Dini ya Calormen si Uislamu. Ina miungu mingi, na mkuu wao anaitwa Tash. Lakini mtoto wa Tanga au Ujiji akiona kilemba na upanga uliopinda atamfikiria jirani yake, ambaye tunashirikiana naye harusini na msibani, na ambaye babu yake na babu yetu walivua samaki katika mashua moja. Mwandishi aliyeishi Uingereza ya miaka ya 1950 aliokota sura hizo kutoka katika hadithi za Mashariki zilizozagaa Ulaya bila kuzipima. Tunaweza kueleza zilikotoka pasipo kuzitetea.

Haki inadai tuseme pia kwamba Aravis ni mtu wa Calormen, na ujasiri na ukweli wake vinamshinda kila mtu kitabuni isipokuwa labda Shasta. Mwishoni anakuwa malkia wa Archenland. Na Shasta, anayegunduliwa kuwa Cor, mwana wa mfalme aliyepotea na pacha aliyetangulia kuzaliwa, yaani Kulwa kama tungesema sisi, anabaki na mikono ya mtoto wa mvuvi. Hata hivyo wema wa Aravis unaoneshwa kwa kuondoka kwao. Hatumwoni mtu wa Calormen anayemjua Aslan na kubaki nyumbani. Kanisa letu, lililozaliwa pale injili ilipokubali kukaa katika lugha na nyumba zetu, linajua kwamba hilo si lazima.

Kusoma pamoja na watoto

Kitabu kina sura 15 na kimeandikwa kwa Kiingereza chepesi. Mzazi au mwalimu wa shule ya Jumapili anaweza kukisimulia kwa Kiswahili, sura moja kila jioni, bila kuhubiri. Watoto waachwe wamcheke Bree anayeogopa kwamba farasi wa Narnia huenda hawagaragari chini kama yeye. Waachwe waone kwamba mwenye maneno mengi ndiye aliyekimbia simba, na kwamba Hwin, aliyekuwa akitetemeka muda wote, ndiye wa kwanza kumwendea Aslan, akiwa tayari hata kuliwa naye. Punda wa Balaamu naye alimwona malaika kabla ya nabii (Hes. 22:23). Mzazi anapofika penye ngozi na vilemba, asome na kusema wazi kwamba hapo mwandishi hakuwatendea haki watu. Mtoto atajifunza kwamba kitabu kizuri kinaweza kukosea, na hilo nalo ni somo.

Akifika sura ya 11, ile ya ukungu, asikimbilie kumwambia mtoto, "Unaona, ndivyo Mungu alivyokufanyia." Amuulize tu: Shasta alijuaje baadaye kwamba hakuwa peke yake? Kisha anyamaze. Mtoto aliyefiwa na baba, au anayelelewa na shangazi asiyempenda, atakuwa na la kusema, labda mwaka huo, labda baada ya miaka 20. Hadithi yake ni yake, na yupo atakayemsimulia.

Sisi tulio watu wazima tumebakiwa na kazi iliyo wazi zaidi. Simba hakumweleza Shasta habari za korongo; alitembea upande wake. Usharika unaweza kufanya hivyo. Unaweza kujua ni upande gani mjane anaweza kuanguka, kama ni kodi ya nyumba, karo ya watoto au mashemeji wanaogombea shamba, na kuweka watu watembee upande huo mpaka kupambazuke.